Kutoa ni Moyo: Maisha ya Manute Bol

Mwanafunzi wa lugha anapotaka kusimulia maisha ya mtu mashuhuri, watu hutazamia kwamba atachagua mtunzi, mwalimu au kiongozi wa nchi. Mimi nimechagua mchezaji wa mpira wa kikapu. Vijana wa Bunia wakizungumzia mchezo huo, jina la kwanza vinywani mwao ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyefariki mwaka 2024 na kutuachia hospitali yenye jina la mama yake. Mutombo anastahili makala yake. Lakini alipoingia katika ligi kubwa ya Marekani, NBA, mwaka 1991, alimkuta mtu mwingine ambaye kwao ni karibu zaidi na Ituri kuliko Kinshasa. Huyo ni Manute Bol, Mdinka wa Turalei, katika nchi ambayo leo inaitwa Sudan Kusini na ambayo inapakana na mkoa wetu upande wa kaskazini.

Nimemchagua kwa sababu tatu. Kwanza ni jirani. Pili, maisha yake ni somo kubwa kuhusu lugha, kwa kuwa mara kadhaa safari yake haikuzuiwa na mpinzani uwanjani, bali na karatasi na maneno. Tatu, ni maisha ya mtu aliyetoka katika vita akapata mali nyingi, kisha akalazimika kujiuliza anawiwa nini na wale aliowaacha nyuma. Swali hilo silo geni kwetu sisi wa Ituri.

Niyaanze maisha hayo na jina lenyewe, maana huko ndiko tunakogundua ujirani wetu. Kidinka ni lugha ya Kinailoti, tawi moja la magharibi na Kialur kinachosemwa Mahagi na sehemu za Djugu. Bol ni jina ambalo Wadinka humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya mapacha, kama Waluo wanavyosema Okello na Waalur wetu Ukelo. Kwa mchezaji wetu jina hilo lilikuwa la ukoo. Jina lake mwenyewe, Manute, husemwa kwamba maana yake ni baraka ya pekee. Baba yake, Madut, alikuwa mzee mwenye heshima kati ya Wadinka, na babu yake alikuwa chifu, naye akisifika kwa urefu.

Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa katika vitabu vya michezo ni 16 Oktoba 1962. Tarehe hiyo haikutoka Turalei. Kocha mmoja Mmarekani alikuja kueleza baadaye kwamba ndiye aliyeipanga, kwa sababu fomu za nchi yake haziendi mbele bila tarehe. Kwa watu wa kijiji cha wafugaji, umri ulikumbukwa kwa mafuriko, kwa ukame, kwa rika la vijana walioingizwa utu uzima pamoja. Wamarekani walibishana miaka mingi kama Bol alikuwa kijana au mzee aliyejificha. Mimi naona ubishi huo ulikuwa wa namna mbili za kuhesabu wakati zilizokutana kwenye karatasi moja, na yenye karatasi ndiyo iliyoshinda.

Manute alikua akichunga ng'ombe. Inasimuliwa kwamba siku moja alimuua simba kwa mkuki, simba aliyekuwa akiwinda ng'ombe wa nyumbani. Alipokuwa mashuhuri, hadithi hiyo ya simba iliandikwa na kurudiwa katika magazeti ya Marekani karibu kila alipotajwa. Sioni sababu ya kuikataa, maana mchungaji wa Bahr el Ghazal hukutana na simba. Ninachokiona ni kwamba msomaji wa magazeti yale alijua kuhusu simba mmoja kuliko alivyojua kuhusu vita vizima vilivyokuwa vikiteketeza nchi ya mchungaji huyo.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kandanda, lakini urefu ulimfukuza huko. Mwisho wa kukua kwake alifikia mita 2.31. Jamaa zake walimvuta kwenye mpira wa kikapu, kwanza katika mji wa Wau, kisha Khartoum. Inasimuliwa kwamba katika moja ya majaribio yake ya mwanzo ya kuutia mpira kikapuni kwa mikono, meno yake yalinasa kwenye wavu, akayavunja. Khartoum alijifunza mambo mawili kwa pamoja: mchezo, na jinsi mtu mweusi wa kusini alivyotazamwa katika mji mkuu wa kaskazini. Kiarabu alikijua cha kutosha kuelewa alipokuwa akidharauliwa.

Mwaka 1982, Don Feeley, kocha kutoka Marekani, alifika Sudan kufundisha timu ya taifa. Alimwona Bol na kumshawishi aende kujaribu bahati yake ng'ambo. Mwaka 1983 Bol aliondoka. Mwezi Mei wa mwaka huohuo askari wa kusini waliasi katika mji wa Bor, na vita vya pili vya Sudan vikaanza. Nayatazama matukio hayo mawili yakiwa bega kwa bega: mtu anapanda ndege kwenda kucheza, na nyuma yake nyumba inashika moto.

Timu ya San Diego Clippers ilimchagua mwaka huohuo, lakini ligi ikakataa. Hakuwa amejiandikisha kwa wakati kama kanuni zilivyotaka, tena pasipoti yake ilizua maswali. Pasipoti hiyo ilisema ana urefu wa sentimita 157 hivi! Maelezo aliyoyatoa ni kwamba maofisa walimpima akiwa ameketi. Wamarekani walicheka. Sisi tuliowahi kupanga mstari mbele ya meza ya ofisi tukitafuta cheti tunajua kwamba karani akishaandika, aliyeandikwa hana la kusema.

Mlango wa pili uliofungwa ulikuwa wa lugha. Bol alipelekwa Cleveland, ambako chuo kimoja kilitaka kumwingiza katika timu yake. Ili acheze ilimpasa kwanza afaulu mitihani ya kuingia, na mitihani ilikuwa ya Kiingereza. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa Kidinka na Kiarabu, na ambaye darasani hakuwa amekaa sana, aliwekwa mbele ya madaftari akaanza alfabeti ya Kilatini akiwa mtu mzima. Alihudhuria masomo ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Case Western Reserve. Timu ya Cleveland hakuichezea hata mechi moja. Naomba tusilipite jambo hili haraka, sisi ambao kazi yetu itakuwa kufundisha lugha. Hapo palikuwa na mtu mzima mwenye kipawa ambacho ulimwengu ulikuwa tayari kukilipia mamilioni, naye akasubiri muda mrefu kwa sababu ya sarufi. Hakuna ubao wa matokeo unaoandika subira ya namna hiyo.

Hatimaye, katika msimu wa 1984–85, chuo kikuu cha Bridgeport, cha daraja la pili la michezo ya vyuo, kilimpokea. Huko alipata wastani wa pointi 22.5 kwa mechi, na mitupo 7.1 ya wapinzani aliizuia kwa mechi moja. Watu walijaa katika ukumbi mdogo kumtazama. Mwaka 1985 timu ya Washington Bullets ilimchagua, akiwa wa 31 katika uchaguzi wa mwaka huo. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, yaani 5 kwa kila mechi. Hakuna mchezaji mgeni wa ligi aliyewahi kufikia idadi hiyo, wala aliyeifikia tangu hapo. Mara mbili katika maisha yake alizuia mitupo 15 katika mechi moja.

Kwa jumla, katika misimu kumi ya NBA alicheza mechi 624, akafunga pointi 1,599, akazuia mitupo 2,086. Kati ya wachezaji wenye maisha marefu katika ligi hiyo, ni yeye anayekumbukwa kama mtu aliyezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. Mtu akiniuliza Manute Bol alikuwa mchezaji wa namna gani, nitamjibu kwa tarakimu hizo mbili. Hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kikapu na kuhakikisha kwamba mwingine hafungi.

Uzito wake ulikuwa mdogo mno kwa urefu ule, na wachezaji wanene walimsukuma kama mtu anavyosukuma mlango. Mwaka 1987 Washington ilimleta Muggsy Bogues mwenye mita 1.60, na wapiga picha wakawaweka hao wawili pamoja: mrefu kupita wote na mfupi kupita wote, tofauti ya sentimita 71. Picha hizo zilienea dunia nzima. Biashara ilikuwa macho ya watu, na Bol alilijua hilo. Lakini wenzake wa timu wanamkumbuka kwa jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha, nalo ni ulimi wake. Kiingereza kile kilichomchelewesha, alipokipata alikigeuza kiwe kicheko. Alitania kila mtu, wakubwa kwa wadogo, na alikuwa hodari wa kumrudishia mtu neno kabla hajamaliza kusema lake. Ilifika hatua watu wakadai kwamba yeye ndiye aliyebuni msemo mmoja wa mitaani wa maneno mawili, ambao wachezaji huutumia kukiri kosa lao uwanjani. Watafiti wa lugha walilichunguza dai hilo wakaona kwamba msemo huo ulikuwepo kabla yake. Hata hivyo dai lenyewe lina maana kwangu: mtu aliyekwama kwenye mtihani wa Kiingereza alikuja kudhaniwa kuwa mtunga maneno wa Kiingereza.

Mwaka 1988 alihamia Golden State Warriors, ambako kocha Don Nelson alimruhusu kutupa mpira kutoka mbali, nje ya mstari wa pointi tatu. Mtupo wake ulikuwa wa kuchekesha, mpira ukitoka nyuma ya kichwa kama jiwe la kombeo, na mashabiki waliupenda. Msimu huo aliongoza ligi nzima kwa kuzuia, mitupo 345. Kuanzia 1990 alikuwa Philadelphia 76ers. Tarehe 3 Machi 1993, katika mechi na Phoenix, alitupa mara 12 kutoka mbali katika nusu moja ya mchezo, na 6 zikaingia. Baada ya hapo magoti na maumivu ya viungo vilimshinda. Alizungukazunguka katika timu kadhaa, na msimu wa 1994–95 ukawa wa mwisho wake katika ligi hiyo.

Sasa nifike kwenye kiini cha makala yangu. Fedha alizozipata zilikwenda wapi? Vita vya Sudan viliua watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili, kwa risasi, njaa na magonjwa. Bol alihesabu jamaa zake wapatao 250 waliokufa. Alitembelea kambi za wakimbizi, akawaendea wanasiasa mjini Washington kuwaeleza habari ambazo hawakuwa na hamu ya kuzisikia. Na alitoa. Inakadiriwa kwamba alitoa dola milioni 3.5 kwa ajili ya watu wa kusini: chakula, dawa, msaada kwa waliopotea njiani, na pia fedha kwa harakati ya John Garang iliyokuwa ikipigana na serikali ya Khartoum.

Hapo mwandishi wa Bunia hawezi kupita bila kusimama. Sisi tumeona fedha za watu walio mbali zinageuka nini zinapofika mikononi mwa wenye bunduki. Mwezi Mei 2003 mji huu ulikuwa na maiti barabarani, na hadi leo kuna familia chini ya mahema ya Kigonze. Kila kundi lililotuua lilisema linalinda watu wake. Tena harakati ya Garang yenyewe ilipasuka mwaka 1991, Wadinka na Wanuer wakachinjana. Kwa hiyo siwezi kumsifu Bol kwa kila dola aliyoitoa. Naweza kuelewa tu kwamba mtu anayepokea habari za vifo vya jamaa zake, ilhali yeye ana hundi mfukoni, hana nafasi ya kungoja mpaka apate njia iliyo safi kabisa. Ninachokiheshimu zaidi ni mahali alipofikia mwishoni, na nitafika hapo.

Mwaka 1997 serikali ya Khartoum ilitia saini mapatano na baadhi ya makundi ya kusini. Bol aliamini kwamba amani imekuja, akarudi Sudan. Inasimuliwa kwamba alipewa ahadi ya uwaziri wa michezo kwa sharti la kuacha Ukristo, naye akakataa. Mapatano hayakudumu. Alijikuta Khartoum bila kazi na bila ruhusa ya kutoka, akishukiwa kuwa mtu wa Garang, na viungo vikimuuma. Nyumba zake za Marekani zilikuwa zimekwenda, ndoa yake ya kwanza imevunjika. Marafiki wa ng'ambo walichanga fedha, na mwaka 2001 alipata kufika Cairo. Alikaa Misri miezi kadhaa akingoja karatasi tena, kama zamani. Mwaka 2002 aliingia Marekani akiwa mkimbizi, katika nchi ambayo miaka michache nyuma watu walinunua tiketi ili wamwone.

Ndipo alipofanya yale ambayo wengi waliyaona kuwa aibu. Alipigana ngumi katika kipindi cha televisheni na William Perry, mchezaji mnene wa zamani wa mpira wa Kimarekani, akamshinda. Alivaa sare ya timu ya hoki ya barafuni, ingawa hakuweza kuteleza juu ya barafu. Alivalishwa nguo za mpanda farasi. Magazeti yalimwonea huruma, mengine yalimcheka. Lakini fedha na jina vilikuwa kwa ajili ya mfuko wa kuwasaidia watu wake. Namwona hapo kama mtu aliyeifanya hesabu yake kwa utulivu. Tangu ashuke ndege mwaka 1983, watu walilipa ili kuutazama mwili wake. Basi kama bado wako tayari kulipa, na walipe. Yeye anajua fedha inakwenda kwa nani. Wahenga wamesema kutoa ni moyo, si utajiri. Kwa Bol maneno hayo yalithibitika utajiri ulipokwisha na mkono ukaendelea kufunguka.

Mwaka 2004 teksi aliyopanda huko Connecticut ilipinduka, akavunjika shingo, akabaki hai kwa shida. Baadaye alihamia Kansas. Katika miaka hiyo vita vya Darfur vilikuwa vimewaka. Watu wa Darfur ni Waislamu, na wengi wao walikuwa wametumika katika jeshi lililoishambulia kusini. Bol angeweza kusema kwamba sasa ni zamu yao. Hakusema hivyo. Alisimama kuwatetea, akashirikiana na shirika la Sudan Sunrise lililowakutanisha watu wa kusini na wa Darfur. Kazi waliyoichagua ilikuwa kujenga shule Turalei, kijijini kwake, shule isiyomuuliza mtoto kabila wala dini, na watu wa Darfur wakashiriki. Hapo ndipo nilipotaka kufika. Mtu aliyeanza kwa kusaidia wapiganaji alimalizia kwa kutafuta matofali ya darasa, tena akiwa na waliokuwa adui zake. Na tukumbuke ni nani huyu anayejenga shule: ni yule aliyeketi na alfabeti akiwa mtu mzima.

Mwezi Aprili 2010 Sudan ilifanya uchaguzi. Bol alikuwa kusini kwa ajili ya shule, akaombwa abaki aseme na wananchi dhidi ya rushwa na vurugu. Alibaki ingawa figo zake zilikuwa dhaifu. Alipata ugonjwa mbaya wa ngozi uletwao na dawa, akarudishwa Marekani akiwa mahututi. Alifariki tarehe 19 Juni 2010 huko Charlottesville, Virginia, akiwa na miaka 47 kwa hesabu ya karatasi. Ibada ilifanyika katika kanisa kuu la taifa mjini Washington, kisha mwili ukasafirishwa hadi Turalei, ukazikwa kwao.

Hakuiona bendera ya Sudan Kusini ikipandishwa tarehe 9 Julai 2011. Hakuona pia Desemba 2013, wakati nchi hiyo changa ilipoanza kujichinja yenyewe, wala miaka iliyofuata, wakati maelfu ya raia wake walipovuka mpaka kuingia Ituri na wengi wakapokelewa Biringi, katika eneo la Aru. Mtoto wake, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1999, aliingia NBA mwaka 2019, mrefu, ingawa si kama baba, na mtupaji mzuri kuliko baba.

Wapo watakaosema kwamba Manute Bol alipoteza. Alitoa mamilioni na vita havikusimama. Alikufa bila mali. Nchi aliyoitamani ilirudi kwenye damu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini katika mchezo wake mwenyewe, mtu anayezuia haandikiwi pointi. Anahesabiwa kwa yale ambayo, kwa sababu yake, hayakutokea. Mkimbizi asiyekufa kwa sababu alipata unga wiki ile hana mahali anapoandikwa. Mtoto wa Turalei aliyejua kusoma akiwa na miaka saba, asingoje utu uzima kama Bol, naye haandikwi popote. Sisi tutakaotoka katika fakalti hii na chaki mkononi, wengine Bunia, wengine Mahagi, wengine Aru kati ya watoto wa wakimbizi wanaosema Kidinka nyumbani, tutakutana na mtoto huyo. Atakuwa hajui lugha tunayomfundishia. Tumfundishe bila kumcheka, na kwenye rejesta tuliandike jina lake kama mama yake anavyolitamka.